Njia Mbili, Daraja Moja

Katika nyumba za Kariakoo, kona ya bafu haikosi madumu. Mpangaji mpya huelezwa habari ya maji mapema kuliko habari ya mlinzi: yakitoka usiku, jaza, yakikatika, pa kuchota ni pale. Umeme nao una maandalizi yake. Taa ya chaji imening'inia msumarini, kiberiti kiko juu ya kabati, na kila mtu ndani ya nyumba anakijua kilipo hata gizani. Haya hatukufundishwa darasani. Tulifundishwa na kukatikiwa.

Intaneti ya nyumbani bado hatujaitafutia dumu lake. Ikikatika tunazima rauta na kuiwasha, tunamgombeza mtoto aliyekuwa akitazama katuni, kisha tunatoka koridoni kumuuliza jirani, "Na kwako pia?" Nami nilifanya vivyo hivyo asubuhi ya Jumatatu, 13 Mei 2024. Naishi ghorofa ya tatu katika nyumba ya aina ile ambayo chini ni duka, katikati ni stoo na juu ni watu. Nilizima, nikawasha, nikachomoa waya na kuupuliza kama tulivyokuwa tukipuliza kaseti zamani. Mwishowe nikamwita fundi. Alipanda ngazi mchana, jasho likimtoka, akazitazama taa za rauta kwa nusu dakika, akasema: "Mzee, kifaa chako kizima kabisa. Kilichokatika kiko baharini." Nikamlipa nauli yake ya kuja kunitazamia taa.

Alisema kweli. Siku moja kabla, Jumapili, nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na SEACOM, zilikatika katika kipande cha bahari kati ya Mtunzini, Afrika Kusini, na Maputo, Msumbiji. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Ubalozi wa Marekani hapa Dar es Salaam ulisitisha huduma kwa umma siku mbili kwa sababu ya mtandao. Huku mitaani, mawinga, wale wanaoyatafutia maduka wateja, walishika simu zenye picha za bidhaa ambazo hazikuweza kumfikia mteja wa Tunduma wala wa Lubumbashi.

Kilichonifundisha zaidi siku zile kilikuwa hesabu ya nyaya zenyewe. SEACOM ilianza kazi mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata. Kwa anayehesabu vidoleni, nchi ilikuwa na waya na waya wa akiba. Lakini zote mbili zilipita sakafu moja ya bahari kuelekea kusini, zikakatika siku moja. Upande wa kaskazini nako hakukuwa salama, kwani nyaya za Bahari ya Shamu, SEACOM ikiwemo, zilikuwa zimeharibika tangu Februari mwaka uleule. Kenya, ambayo Mombasa yake inapokea nyaya nyingi zaidi, iliyumba lakini haikulala.

Mkazi wa Magomeni anayefanya kazi Kariakoo hahitaji mhandisi wa kumweleza jambo hili. Mvua za masika zikinyesha na Mto Msimbazi ukimwagika pale Jangwani, hakuna tofauti kati ya mwenye kadi ya mwendokasi na aliyekodi bajaji. Wote wanasimama ng'ambo wakiyatazama maji yaleyale. Njia mbili zinazopita daraja moja ni njia moja.

Ushauri wangu wote katika makala haya unatoka hapo. Kujiandaa kwa siku ya kukatika mtandao hakumaanishi kununua vitu vingi. Kunamaanisha kujiuliza, kwa kila unachokitegemea: daraja lake ni lipi, na nikishindwa kulivuka, nina pengine pa kupita?

Kwanza ujue kilichokatika

Mtandao wa nyumbani hukatika katika sehemu nne: ndani ya nyumba yako, mtaani kwako, kwenye kampuni inayokuhudumia, au nje ya nchi. Kila sehemu ina dawa yake, na kutibu moja kwa dawa ya nyingine ni kupoteza siku. Kuzijua kunachukua dakika tano.

Anza na vile vijiti vya wayafai kwenye simu. Wengi wakiviona vimejaa huamini mtandao upo. Vijiti vile vinapima nguvu ya mawimbi kati ya simu na rauta, basi. Ni sawa na bomba la jikoni lililoungwa vizuri kwenye tanki la juu ya paa. Kama tanki ni tupu, bomba zuri halitakupa maji. Kwa hiyo vijiti vikiwa vimejaa na hakuna kinachofunguka, iache simu, nenda kwenye kisanduku chenyewe.

Wenye faiba watazame taa mbili. Ya kwanza imeandikwa PON. Hiyo ikiwaka kijani bila kupepesa, mwanga unaokuja kwa waya kutoka kwa kampuni unafika. Ya pili imeandikwa LOS. Hiyo inatakiwa kuwa imezima. Ikiwaka au kupepesa nyekundu, mwanga haufiki, na hapo hata ukizima na kuwasha mara hamsini hutabadilisha kitu. Fuata ule waya mwembamba kutoka kwenye kisanduku hadi unapotokea ukutani. Katika nyumba zetu zilizobanana, waya huo hukunjwa nyuma ya kochi, hubanwa na mlango, hutafunwa na panya. Ndani yake mna uzi wa kioo unaopitisha mwanga, na kioo hakipendi kukunjwa. Ukiuona umepinda sana, ulegeze taratibu, usubiri dakika mbili. Usichungulie ncha ya waya ukiuchomoa: mwanga uliomo ni wa leza, jicho halitauona lakini unaweza kuliumiza.

Kama waya wa ndani ni mzima na LOS bado ni nyekundu, tatizo liko mtaani. Chungulia dirishani. Kariakoo hujengwa kila siku. Ghorofa moja linabomolewa, lingine linamwagwa zege, na nyaya zetu zimepita juu ya vichwa vya watu, nguzo hadi nguzo, zimesokotana kama nyuzi za fundi charahani. Lori la mchanga likinyanyua kichanja chake, au mafundi wa jengo jipya wakihamisha nguzo, mtaa mzima unaona taa nyekundu. Muulize jirani anayetumia kampuni yako. Kama naye amekatikiwa, pigeni simu wote. Malalamiko ya nyumba kumi kutoka mtaa mmoja huonyesha kwamba waya mkubwa umekatika, wakati simu moja husubiri zamu kama tatizo la mteja mmoja.

Kama taa zote ni njema na bado hakuna kitu, jaribu kufungua kurasa mbili: moja ya taasisi ya hapa nchini, nyingine ya nje. Dar es Salaam kuna kituo cha kubadilishana mawasiliano, TIX, ambako kampuni za ndani hupeana data bila kuzizungusha ng'ambo. Kwa hiyo vya ndani vikifunguka na vya nje vikikwama, jua kwamba tatizo liko mbali na wewe, pengine baharini. Hapo mwache fundi apumzike, nawe hamia kwenye maandalizi yako. Visipofunguka vyote, huenda tatizo ni la kampuni yako, au ni la kifurushi chako kilichoisha jana usiku. Usicheke, nusu ya "mtandao umekufa" ninazozisikia koridoni ni za namna hiyo.

Umeme ni daraja la kwanza

Mara nyingi kilichokatika ni umeme, na mtandao umeondoka nao. Waya wa faiba hauhitaji umeme njiani kutoka kwa kampuni hadi kwako, kwa maana ni mwanga tu unaosafiri. Kinachohitaji umeme ni kisanduku chako ukutani. Kampuni ikiwa na jenereta lake na wewe ukiwa na betri yako, mtaa mzima unaweza kuwa gizani na wewe ukaendelea na kazi.

Hesabu yake si ngumu. Geuza adapta ya rauta, usome maandishi madogo. Utakuta volti 12 na ampea 1, au 1.5, au 2. Zidisha, upate wati: 12, 18 au 24. Huo ni ukomo wake. Kwa kawaida kisanduku hula pungufu ya hapo, tuseme wati 10. Pawabenki iliyoandikwa 20,000 mAh ina takribani wati-saa 74 ndani yake, maana seli zake ni za volti 3.7. Ukitoa kinachopotea katika kubadilisha volti, unabaki na kama 50. Gawa kwa 10: saa tano. Hizo zinatosha kumaliza kikao, mtoto amalize kazi ya shule, na wewe utume mzigo wa jioni.

Lakini pawabenki hutoa volti 5 na rauta inataka 12, kwa hiyo unahitaji waya maalumu wa kupandisha volti. Kabla hujaununua, hakikisha mambo matatu: volti zinalingana na zilizoandikwa kwenye adapta yako, kichwa cha waya kinaingia bila kulegea, na rauta si ya ampea 2, kwa sababu hiyo inaweza kugoma kuwaka kwa nguvu ndogo ya pawabenki. Ikigoma, nunua betri ndogo ya rauta, ile inayokaa kati ya adapta na kisanduku na kujichaji yenyewe umeme ukiwepo. Maduka ya simu na vifaa vya umeme hapa Kariakoo yanaziuza. Nenda na adapta yako mkononi, waambie waijaribu mbele yako. Muuzaji anayekataa kujaribu amekujibu.

Zaidi ya rauta, kumbuka LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kununua umeme kunahitaji mtandao wa malipo, kuuingiza kwenye mita hakuhitaji. Nyumba inayonunua uniti za siku mbili mbili inajifunga kwenye daraja la mtu mwingine kila baada ya siku mbili. Ukiwa na uwezo, nunua za wiki, ziingize zote, na zile namba 20 uzihifadhi kwenye karatasi.

Na usitegemee kwamba minara ya simu itakuokoa kila mara. Gridi ya Taifa ilipopata hitilafu alfajiri ya 1 Aprili 2024, nchi karibu nzima ilikuwa gizani kwa saa kadhaa. Mnara nao una betri, na betri huisha. Kwa hiyo katika saa za mwanzo za giza kubwa, fanya mawasiliano ya lazima kwanza: mpigie mzazi, mjulishe mteja, thibitisha safari. Kuchati kusubiri.

Laini ya pili iwe ya pili kweli

Watu wengi huniambia, "Mimi nina akiba, faiba ikikata nawasha hotspoti." Nauliza: laini ni ya kampuni gani? Mara nyingi jibu ni kampuni ileile iliyoweka faiba. Hapo hatuna njia mbili, tuna milango miwili ya chumba kimoja. Chagua laini ya akiba kutoka kampuni nyingine kabisa. Kisha usiiamini kwa tangazo. Iamini kwa kuijaribu ukiwa ndani ya chumba chako. Katika majengo ya Kariakoo na Kisutu, yaliyozungukwa na majengo mengine, laini inayoruka barabarani inaweza kufa ukiingia chumba cha nyuma. Azima laini za jamaa zako, zijaribu moja moja mezani unapofanyia kazi, saa nne asubuhi na saa mbili usiku. Saa mbili usiku ndipo kila mtu amerudi nyumbani na mnara umeelemewa.

Siku ya kutumia hotspoti, funga mabomba yanayovuja. Kompyuta haijui kwamba sasa inakula bando la simu. Itaanza kupakua masasisho yake makubwa kana kwamba iko kwenye faiba. Ingia kwenye mipangilio ya wayafai, uiambie muunganisho huu unalipiwa kwa kipimo. Kwenye simu, zima upakiaji wa picha kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni, na zima video zinazojicheza zenyewe. Kikao kiwe cha sauti, kamera imefungwa. Bando la siku nzima linaweza kuisha kwa saa moja ya kusahau haya, na siku ya kukatika nyaya za baharini hata kununua bando jipya kunaweza kusumbua.

Halafu tafuta kitochi. Simu ndogo ya vitufe, ya laini mbili, betri inayokaa siku tatu. Sisi wa mjini tumeidharau, lakini kazi yake ni kubwa kuliko sura yake: inapiga, inatuma ujumbe, inapokea redio, na inafungua menyu za pesa. Menyu zile za nyota na reli hazipiti kwenye intaneti wala hazihitaji bando. Hupita kwenye njia za ndani za mtandao wa simu. Programu ya benki ikizunguka bila kufunguka, jaribu *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas iliyokuwa Tigo Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa. Benki nazo zina zao: *150*66# ni ya NMB, *150*03# ya CRDB. Ziandike kwenye karatasi ubandike ndani ya mlango wa kabati. Mtoto wa darasa la tano azijue, na bibi naye azijue. Namba ya siri, bila shaka, isibandikwe popote.

Pesa: usiweke yote hewani

Kariakoo tumezoea lipa namba kiasi kwamba mtu anatoka nyumbani bila hata noti ya elfu mbili. Ni raha, mpaka siku muuza chapati anaposema mtandao unasumbua na wewe umeshakula. Weka ndani ya nyumba fedha taslimu ya siku tatu: chakula, nauli, dawa, na dharura moja ya hospitali. Ziwe noti ndogondogo. Siku mtandao umelala, mwenye noti ya elfu kumi ana taabu karibu sawa na asiye na kitu, maana chenji hupotea kwanza. Mawakala nao hukwama haraka: wengi hukimbilia kutoa pesa kwa pamoja, keshi inaisha, na kilichobaki ni floti isiyoweza kuingia mfukoni.

Malipo yenye tarehe ya mwisho, kama ada ya mtihani au kodi ya serikali yenye kontroli namba, usiyaache yafike siku ya mwisho. Kukatika kwa mtandao hakukubaliki kirahisi kama sababu mbele ya dirisha la mhasibu. Lipa siku tano kabla. Hii ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote nilizozitaja hapa, na ndiyo tunayoipuuza zaidi.

Jihadhari pia na wale wanaovua maji yakichafuka. Mtandao ukisumbua, muamala ukachelewa, ndipo ule ujumbe wa zamani unapopata nguvu mpya: "Ile hela tuma kwenye namba hii, ile nyingine inasumbua." Siku ya kawaida ungecheka. Siku mtandao unasumbua kweli, unaaminika. Wekeni sharti la nyumbani: hakuna pesa inayotumwa kwa namba mpya mpaka mtu apigiwe na sauti yake isikike. Ujumbe wa kitapeli upeleke kwenye namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA.

Daftari halijawahi kukatika

Jirani yangu wa chini anauza vitenge Mtaa wa Congo. Wateja wake wako Songea, Mbeya na ng'ambo ya mpaka, na kwa miaka mingi amewauzia kwa picha za WhatsApp. Jumatatu ile ya Mei 2024 picha zilikataa kwenda. Alikaa kimya mpaka saa nne, kisha akavuta droo ya chini, akatoa kauntabuku lenye jalada lililochakaa. Mle ndani mlikuwa na majina ya wateja, namba zao, rangi wanazopenda, na basi wanalopokelea mzigo. Alianza kupiga simu za kawaida. "Dada, kile cha maua ya zambarau ulichochukua mwezi wa pili, kimekuja na cha bluu. Nikufungie?" Mchana ule alituma marobota mawili kwenye mabasi ya Kituo cha Magufuli, Mbezi. Vijana wa maduka ya pembeni, wenye simu za bei kubwa kuliko yake, walikuwa wamekaa juu ya viti vya plastiki wakisubiri mtandao urudi.

Usidhani kwamba mama yule haupendi mtandao. Ana akaunti mbili. Alichokuwa nacho zaidi ni njia isiyopita daraja lile.

Kwa hiyo kaa Jumapili moja na daftari. Andika namba za watu ishirini ambao huwezi kukaa siku nne bila kuwasiliana nao. Wengi wetu hatujui kwa kichwa hata namba ya mwenzi wetu. Andika namba ya shule, ya daktari, ya dereva wa bodaboda unayemwamini, ya huduma kwa wateja ya kampuni yako ya mtandao, pamoja na namba ya akaunti yako kwao. Chapisha tiketi, cheti cha bima, na barua ya mwaliko wa usaili, vitu ambavyo tumezoea kuvionyesha kwenye skrini. Pakua kwenye simu mafaili ya kazi ya wiki hii, vitabu vya shule vya mtoto, na ramani ya jiji. Wanaotumia programu za kuthibitisha utambulisho kwa namba sita wajue kwamba nyingi hutoa namba hizo bila intaneti. Wale wanaosubiri namba kwa barua pepe ndio watakaofungiwa nje. Omba zile namba za dharura ambazo akaunti nyingi hutoa, ziandike, uzifungie pamoja na hati ya nyumba.

Ukatikaji mrefu

Saa tatu huvumilika. Siku tano ni jambo jingine. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilikatika nchi nzima, na ilianza kurejea 3 Novemba. Hapa Dar es Salaam kulikuwa pia na amri ya kutotoka nje usiku. Siku zile laini ya kampuni nyingine haikuwa jibu, kwa sababu kampuni zote zilikuwa ng'ambo ya daraja lilelile. VPN nayo haikuwa jibu: ni handaki ndani ya barabara, na barabara isipokuwepo handaki halina pa kupita. Isitoshe, tangu Oktoba 2023 TCRA iliwataka wanaotumia VPN watoe taarifa zao, kwa hiyo anayeitegemea kazini aweke mambo yake sawa mapema.

Wakati kama huo, akiba inayofaa ni ile ambayo haina intaneti ndani yake kabisa. Redio ya betri, ili usilishwe habari na uvumi wa koridoni peke yake. Chakula cha wiki, maana muuzaji naye hawezi kuagiza. Makubaliano ya familia yaliyofanywa siku za amani: tukipoteana kwenye simu, nani anamfuata nani, tunakutana wapi, na kwa saa ngapi tunasubiriana kabla ya kuanza kutafutana. Mwenye jamaa Muscat, London au Toronto amwambie mapema: "Ukisikia mtandao umekatika kwetu, usihesabu ukimya wangu kuwa msiba. Piga simu ya kawaida kwa namba hii." Sentensi hiyo moja ingeokoa usingizi wa watu wengi mwaka ule.

Na majirani. Ghorofa letu lina familia tisa na kampuni za mtandao nne. Baada ya Oktoba tulikaa ngazini tukaulizana: nani ana kampuni gani, nani ana betri, nani ana redio, nani ana mgonjwa anayehitaji dawa za kila mwezi. Tuligundua kwamba kama nyumba moja moja tulikuwa wanyonge wote, lakini kama jengo tulikuwa na karibu kila kitu. Nenosiri la wayafai ya dharura sasa liko kwa mzee wa ghorofa ya pili, na sharti lake ni moja: si kwa kutazama mpira.

Dai haki yako, kwa kumbukumbu

Mtandao ukirudi, usisahau haraka. Andika tarehe, saa ulipokatika, saa uliporudi, rangi ya taa, na namba ya malalamiko uliyopewa. Piga picha ya rauta taa nyekundu ikiwaka. Kisha andikia kampuni yako uombe siku ulizokosa zifidiwe au ziongezwe kwenye kifurushi. Ukizungushwa, sheria zetu zinakuruhusu kwenda hatua ya pili, TCRA, baada ya kuwa umeshalalamika kwa mtoa huduma mwenyewe. Kuna pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, TCRA-CCC, lililoundwa kumsemea mtumiaji. Anayekwenda na daftari husikilizwa tofauti na anayekwenda na hasira.

Nimalizie kwa jaribio dogo. Jumapili hii, baada ya chakula cha mchana, zima rauta yako kwa makusudi. Zima na data za simu zote za nyumbani. Kaeni hivyo mpaka magharibi. Jaribuni kumpigia shangazi kwa namba iliyo kwenye daftari, kununua sukari kwa noti, kulipia kitu kwa kitochi, kusikiliza taarifa ya habari redioni, kuwasha betri ya rauta ili mjue kama inafanya kazi kweli au mliuziwa boksi. Kila mtakapokwama, andikeni. Orodha itakayopatikana jioni ile ndiyo madumu yako matupu. Yajaze maji yangali yanatoka.